Chanya Hubeba, Hasi Humwaga

Mikono ile ilikuwa yangu. Nilikana mbele ya mkuu wa idara, nikakana kwa walimu wenzangu, na majuzi tu mpwa wangu anayesoma uchumi aliponiuliza kama ni kweli zamani kulikuwa na mwalimu mmoja mjini aliyefundisha hisabati kwa kupunga mikono kama askari wa trafiki, nilimwambia watu wa Nairobi wanapenda kutunga hadithi. Nilikiri mara moja tu, ndani ya chumba, mbele ya watu watatu, na hata hapo si kwa hiari. Sasa nimestaafu. Hakuna mkataba wa kukatizwa tena, na ninyi mnaokaa kwenye madawati yale mna haki ya kujua.

Kazi yangu ilikuwa somo lililoitwa Mbinu za Hisabati kwa Wanauchumi, katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati watu wazima walipoanza kurudi shuleni kwa makundi baada ya saa za ofisi. Walikuja na tai zao, na mabegi yao, na uso wa mtu aliyekwisha kumtumikia bwana mmoja tangu asubuhi na sasa amekuja kumtumikia wa pili. Nilikuwa nikifundisha pia darasa la mchana, na huko nilishindana na mhubiri wa barabarani aliyekuwa na kipaza sauti. Yeye alikuwa akiwaita watu watubu, mimi nikiwaita watafute unyumbufu wa mahitaji. Sidhani kama ni mimi niliyepata waumini wengi.

Lazima mjue kwanza kwamba mimi si mwanauchumi. Nilisomea hisabati tupu, ile isiyo na bei wala faida, na nilipoajiriwa nilidhani nimepewa kazi rahisi. Katika wiki yangu ya kwanza nilichora mstari wa mahitaji ubaoni. Bei nikaiweka kwenye mhimili wa chini, kiasi kinachonunuliwa nikakiweka kwenye mhimili wa kusimama. Ndivyo tulivyofundishwa: kinachosababisha hulala chini, kinachosababishwa husimama. Bwana mmoja wa benki akainua mkono.

"Madam, umelaza bei."

"Nimeilaza?"

"Bei husimama. Kwa kila kitabu imesimama."

Nikamweleza, kwa kiburi ambacho leo kinanichekesha, kwamba hisabati haina habari na desturi za vitabu vya watu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sawa, Madam. Lakini mtihani tutafanya ya uchumi ama ya kwako?"

Wanauchumi wamesimamisha bei tangu zamani, na ukiwauliza kwa nini, kila mmoja anakupeleka kwa mwenzake. Ni kama nyumba ambayo swichi ya taa ya choo iko nje ya mlango. Huwezi kubishana na nyumba. Unajifunza ilipo swichi. Basi kijana, kabla ya kuhesabu mteremko wa mchoro wowote wa uchumi, andika pembeni nani anamtegemea nani, la sivyo utaleta jibu lililopinduka kichwa chini na utashangaa mbona kila tarakimu ni sahihi.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo lililozaa mikono.

Mnajua jinsi tunavyotafuta faida kubwa kabisa. Unachukua mlinganyo wa faida, unatafuta mteremko wake, unauliza ni wapi mteremko huo unakuwa sifuri. Mtu anayepanda mlima akifika kileleni, hapo hapandi wala hashuki. Nzuri. Nilifanya hivyo ubaoni, nikapata jibu, nikalizungushia duara, nikajipangusa chaki mikononi kama mpishi aliyemaliza pilau. "Hapa," nikasema, "ndipo kampuni inapata faida kubwa kuliko mahali pengine popote."

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana aliyependa kuhakikisha kila kitu kwa kikokotoo. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Madam, nimeweka namba yako. Halafu nikaweka ndogo kidogo, na kubwa kidogo."

"Enhe?"

"Hiyo kampuni yako, hapo ndipo inafilisika vizuri zaidi."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi wa jengo akachungulia. Nilikuwa nimesahau kwamba anayeshuka bondeni naye, akifika chini kabisa, hapandi wala hashuki. Mteremko sifuri hauambii uko kileleni au uko shimoni. Unakuambia tu kwamba umesimama. Nimekutana baadaye na watu wengi maishani ambao wangefaidika na somo hilo, lakini tuendelee.

Nilishuka ngazi siku ile nikiwa na aibu ya kutosha watu wawili, nikampigia simu Mwalimu Virdi. Huyu alikuwa amenifundisha chuo kikuu. Alikuwa Kalasinga mrefu, mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha samawati, aliyekuwa amefundisha hisabati kwa watu wa idara zote, wanauchumi wakiwemo, mpaka alipostaafu na kukaa kwake Parklands kupalilia maua. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanafunzi wake werevu waliokuwa wakitabasamu kwa siri kila alipoanza "michezo" yake. Michezo hiyo tuliiona ya wanauchumi. Sisi tulikuwa watu wa herufi.

Alinikaribisha kwa chai. Nilipomsimulia kisa changu hakucheka. Aliingia jikoni akarudi na bakuli la chuma.

"Mama, ulikuwa unalala kwa darasa langu?"

"Sikulala, Mwalimu. Nilidhani siihitaji michezo yako."

"Hiyo ni kulala na macho wazi." Akaweka bakuli mezani, mdomo ukitazama juu, akatia maji. "Mteremko umefika sifuri. Sasa unauliza mteremko wenyewe unaelekea wapi. Unachukua mteremko wa mteremko. Ukitoka chanya, umbo ni hili. Linabeba maji. Uko chini ya bakuli, bondeni." Akamwaga maji kwenye chungu cha ua, akaligeuza bakuli kichwa chini, akadondosha tone la chai juu yake. Tone likateleza ubavuni. "Ukitoka hasi, umbo ni hili. Linamwaga. Uko juu ya mgongo wake, kileleni. Chanya hubeba, hasi humwaga. Huna bakuli kwa mtihani? Mungu amekupa mbili." Akanyoosha mikono yake, viganja vyote vikitazama juu, kisha vyote vikitazama chini.

"Na hivi, moja juu na moja chini?" nikauliza, maana nilikumbuka kidogo.

"Hiyo ni wakati una vitu viwili vinabadilika. Ukienda mashariki unapanda, ukienda kaskazini unashuka. Si kilele, si bonde. Ni tandiko la farasi. Wengi wanaanguka hapo."

Nawaambia ukweli: tangu siku hiyo sijawahi kutofautisha kilele na bonde bila kugeuza kiganja. Hata nikiwa peke yangu. Hata nikisahihisha mitihani nikiwa na kikombe mkononi, jambo lililoniharibia blauzi kadhaa.

Nikaanza kufundisha hivyo. Sikupanga; mikono ilijipeleka. Mara darasa zima likawa linageuza viganja, watu wa benki na makarani na mwalimu mmoja wa kwaya wa kutoka Dagoretti aliyekuwa akifanya kwa madaha kuliko wote. Alama zikapanda. Baadaye chuo kilinunua projekta, na tukaambiwa tuache chaki. Nilifurahi kwa ajili ya koo langu, ambalo vumbi lilikwisha kulimaliza na ndilo lililonistaafisha mapema. Lakini projekta ina haraka ya mtu anayekimbilia mvua. Mlinganyo mzima unatokea kwa mpigo, na mwanafunzi anadhani ameuelewa kwa sababu ameuona. Ukiandika kwa chaki, mwanafunzi anakuona ukisita. Kusita kwa mwalimu ni nusu ya somo. Kwa hiyo ninyi wenye simu zinazotatua milinganyo, tatueni kwa simu, sawa, lakini kwanza choreni. Mchoro mbaya wa mkono wako utakufaa kuliko mzuri wa mashine.

Sasa niwaambie juu ya Njambi.

Njambi alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya bima huko Upper Hill na akiishi na mama yake Uthiru. Alikuwa amemaliza masomo yake yote isipokuwa langu, ambalo alianguka alipolifanya kwa mwalimu mwingine. Alikuwa amekariri. Angeweza kukutajia kanuni zote kama mtoto anayetaja vitabu vya Biblia, lakini ukimuuliza kanuni ni ya nini, anakutazama kana kwamba umemtukana. Alikaa darasani kwangu kurudia, akisubiri mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wote wanauita sapu.

Jioni moja tulikuwa kwenye lamda, ile herufi ya Kigiriki inayowatisha watu bure. Lamda inajibu swali moja tu: kama kikomo chako kingelegezwa kidogo, ungepata faida gani zaidi? Nikauliza darasa, nani ana kikomo?

"Mimi ni saa, Madam," Njambi akasema. "Natoka ofisi, naingia hapa."

"Nikikuongeza nusu saa, utapata nini?"

"Nitakula."

"Nini?"

"Githeri."

"Basi lamda yako ni sahani ya githeri."

Alicheka hadi akafunika uso. Na baada ya kucheka akanitazama kwa namna nyingine, na nikajua kwamba kitu kimeingia. Mwalimu yeyote anaujua uso huo. Tangu hapo aliacha kukariri. Aligeuza viganja vyake polepole, akiviangalia kana kwamba ameviazima.

Ni katika kipindi hichohicho tulipokuwa na mkutano wa idara. Mkuu wetu alikuwa Dakta Makokha, mwanauchumi nadhifu, mwenye suti ya kijivu na mazoea ya kuhutubia akiwa ametia mikono mfukoni. Alizungumzia heshima ya chuo, kisha akasema, "Nasikia kuna mtu hapa anafundisha kalkulasi kwa mikono, kama kwaya ya chekechea. Wageni wa wizara wakija watadhani tunafanya mazoezi ya viungo. Ni nani?"

Watu wakacheka. Mkataba wangu ulikuwa mezani kwake ukingoja sahihi. Nilitazama dirishani.

"Madam Kerubo, si wewe?" akauliza, maana macho ya wenzangu yalikuwa yamekwisha kunielekea.

"Si mimi, Dakta. Labda wanafunzi wenyewe."

Katibu aliandika. Ilionekana kitu kidogo.

Mtihani wa sapu ulifanyika Jumamosi asubuhi. Msimamizi alikuwa Bwana Kiptoo, mwalimu wa sheria, mtu mwadilifu kabisa, asiyejua kalkulasi na asiyekusudia kujua. Swali la mwisho lilikuwa la kiwanda kinachouza bidhaa mbili, wanafunzi wapate mahali mteremko unapokuwa sifuri kisha waseme ni mahali gani pale. Njambi, aliyekaa mbele, alipiga hesabu yake, akaweka kalamu chini, akainua mikono miwili mbele ya kifua. Akageuza kiganja kimoja juu, kingine chini. Akaitazama. Akarudi kuandika. Na muda mfupi baadaye kijana aliyekaa nyuma yake akaweka kalamu chini, akainua mikono miwili, akageuza kiganja kimoja juu, kingine chini.

Ungekuwa wewe ni Kiptoo ungefanya nini? Alifanya vivyo hivyo. Alichukua karatasi ya Njambi.

Njambi alinipigia simu kutoka kwenye ngazi. Hakuwa analia, alikuwa anazungumza polepole sana, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Madam, wanasema nilikuwa napea Brian wa nyuma yangu majibu. Wanasema nitafukuzwa."

"Uliwaambia ni mikono ya hesabu?"

"Niliwaambia. Wakauliza nani alifunza. Nikasema ni wewe. Madam, mathe kule nyumbani amealika kanisa yote. Hema zimeshawekwa oda. Amenunua hadi kofia yake ya mahafali, na si yeye anamaliza."

Kamati ilikaa Jumatatu. Kijana wa nyuma alikwisha kuachiliwa, maana anayepokea ishara ana makosa madogo kuliko anayezitoa. Ndivyo Bwana Kiptoo alivyoieleza sheria. Chumbani tulikuwa Makokha kwenye kiti cha mbele, Kiptoo, katibu, na mimi. Njambi aliambiwa asubiri nje, kwenye benchi.

Nikasema nilichopaswa kusema mwanzoni. Mikono ni yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha, darasa zima, na kijana yule alifanya vilevile kwa sababu alisoma mahali pamoja.

Kiptoo hakuwa mkali. Alifungua kumbukumbu za mkutano wa idara.

"Madam, hapa uliulizwa mbele ya watu wote kama ni wewe. Ukasema si wewe."

"Nilidanganya."

"Basi ulidanganya siku ile, au unadanganya leo ili umwokoe mwanafunzi wako. Mimi nitajuaje? Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake anaweza kubuni mbinu yoyote baada ya tukio."

Kwa mlango uliokuwa wazi kidogo niliona kiatu cha Njambi, cheusi, cha kwenda ofisini, kimetulia sakafuni. Sentensi yangu moja ya mkutanoni ndiyo iliyokuwa imekaa kati yake na mahema ya Uthiru.

"Si mbinu yangu," nikasema hatimaye. "Nilifundishwa. Na Mwalimu Virdi."

Makokha akainua uso.

"Basi tumuulize huyo Virdi," Kiptoo akasema. "Lakini si wewe utakayempigia, Madam. Utamdokezea. Mwenyekiti apige. Mpe nambari."

Nikafungua pochi kutafuta simu yangu.

"Nambari ninayo," Makokha akasema.

Akaiweka simu yake mezani, sauti ikiwa wazi. Ililia muda mrefu. Nilimwona Mwalimu akitoka kwenye maua yake, akitafuta mahali alipoiacha.

"Halo! Nani?"

"Habari ya asubuhi, Mwalimu. Ni Makokha."

"Makokha gani? Yule wa mkono wa kushoto?"

Katibu aliinamisha kichwa. Makokha akakohoa. "Mwalimu, niko na watu, wanakusikia."

"Vizuri, wasikie. Huyu kijana mimi nilimfundisha bakuli mwaka mzima. Mkono wa kulia sawa, mkono wa kushoto anamwaga zote. Umeacha, Makokha?"

Kiptoo akasogea karibu na simu, akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mahakamani. "Mzee, samahani. Mtu akiinua mikono miwili, kiganja kimoja juu, kingine chini, anafanya nini?"

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu wa sheria."

"Ah. Basi nitasema polepole. Hapo hakuna kilele, hakuna bonde. Ni tandiko. Vitu viwili vinabadilika, huku unapanda, huku unashuka. Nani amefanya hivyo?"

"Mwanafunzi. Katika mtihani."

"Na alipata?"

Kiptoo akamtazama Makokha. Makokha akaivuta karatasi ya Njambi, akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma akiwa ameegemea kiwiko kimoja. Nilikuwa nimekaa upande wake wa meza. Niliona mkono wake mwingine, wa kushoto, ukitoka mfukoni taratibu, ukalala juu ya goti, ukageuka chini, ukasita, ukageuka juu.

"Amepata, Mwalimu," akasema.

"Sasa mnataka nini kwake?"

Makokha alimshukuru, akazima simu, akamgeukia katibu.

"Andika," akasema. "Mtahiniwa alikuwa akipiga hesabu."